Injini ya kuigiza imekaribia kutuua kweli. Mipaka mnaiwekaje kwenye mafunzo na chekiraidi?

MbawaMbili

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naombeni mnisikilize, hili jambo limenikaa kifuani siku ya nne leo na silali vizuri.

Mimi ni instrakta wa urubani, kwenye injini moja nimefundisha muda mrefu kidogo ila kwenye injini mbili bado mchanga. Nina mwanafunzi anajiandaa na chekiraidi, yaani mtihani wa kuruka, kijana makini, anasoma, na kule juu futi 4,000 tunakofanyia mazoezi injini "ikifa" anaimudu vizuri tu, anatambua ni ipi, anakanyaga pedali sahihi ya kuzuia pua isigeuke, anashika spidi, sina lawama naye. Sasa Jumanne tumepaa, magurudumu yameshapanda, tuko kama futi 500 juu ya ardhi, nikavuta leva ya nguvu ya injini ya kulia bila kumwambia chochote, nia yangu nione akishtukizwa anafanyaje. Akakanyaga kulia. Yaani badala ya kushoto kakanyaga kulia tena kwa nguvu zote, pua ikageukia upande ule ule wa injini iliyolala, bawa la kulia likaanza kuzama na spidi ndo inaporomoka. Nikasema "yangu", yaani niachie usukani, hakuachia. Nikarudia kwa kelele, mikono imeganda kwenye usukani, mguu umeganda kwenye pedali. Nikapunguza nguvu ya injini iliyokuwa inavuta, nikasukuma pua chini, nikawa nashindana na mguu wake mpaka akalegea, mabawa yakakaa sawa ndo nikarudisha nguvu zote mbili. Tulikuwa tumebakiwa na kama futi 250.

Tukazunguka tukatua, hakuna aliyeongea. Baadaye akaniambia alidhani bado ni sehemu ya mtihani, kwamba nikisema "yangu" napima kama atakata tamaa mapema. Hiyo kauli imenivunja kabisa, maana najua kosa ni langu sio lake.

Maswali yangu ni haya. Nyie mnaanzia urefu gani kuigiza injini kufa? Mwanafunzi akikosea mnamwacha afike wapi kabla hamjashika? Na kushtukiza kuna faida kweli au tunarithishana tu? Chekiraidi yake ni wiki mbili zijazo na sijui hata nimwambie nini mtahini.

Kaptena_Mzee

Marahaba mwanangu, na pole. Umefanya jambo la kwanza la maana, umelisema. Wengi wanatua, wanafunga kitabu, mwezi unaofuata wanarudia yale yale.

Nianze na urefu maana hapo sina mjadala. Injini ya kuigiza futi 500 kwenye ndege nyepesi ya injini mbili, na mwanafunzi ambaye hujawahi kumwona akishtuka, usifanye. Hiyo ndege ikibaki na injini moja uwezo wake wa kupanda ni mdogo sana, siku ya joto kwenye uwanja wa juu inaweza isipande kabisa, sasa ukiongeza pedali ya makosa huna kitu cha kutumia isipokuwa urefu, na urefu ndio ulikuwa hauna. Vigezo vya mitihani vya Marekani vinataka mazoezi ya stoli (spidi ikiwa ndogo mno mabawa yanashindwa kubeba ndege) yakamilike huku ndege haijashuka chini ya futi 1,500 kwa injini moja, na futi 3,000 kwa injini mbili. Namba hizo hazikutoka hewani, ni watu wamelipa.

Halafu angalia umevuta leva mpaka wapi. Injini ya pistoni ukivuta mpaka mwisho propela inazunguka na upepo na kuburuta ndege, mzigo mkubwa kuliko propela ambayo mapanga yake yamelazwa yakate upepo. Kwa hiyo kama umemwambia mwanafunzi ajifanye kama ameshailaza, wewe unatakiwa uweke nguvu kidogo ile inayoitwa msukumo sifuri, propela haivuti wala haiburuti, namba yake imo kwenye kitabu cha ndege au unaitafuta mwenyewe kule juu kabla. Watu hili wanalisahau na linaua. Darwin kule Australia, tarehe 22 Machi 2010, ndege ya propela mbili, Embraer Brasilia, ilikuwa kwenye safari ya kumpima rubani, mkaguzi akaigiza injini ya kushoto kufa mara baada ya kupaa, leva ikarudishwa kwenye mzunguko wa chini kabisa wa angani badala ya msukumo sifuri. Kwenye tabopropu, yaani injini ya tabo inayozungusha propela, hapo propela inakuwa kama breki. Ndege ikawashinda, wote wawili wakafa. Injini zote mbili zilikuwa nzima.

Na hiyo si ya kwanza. Tarehe 30 Machi 1967, New Orleans, DC-8, jeti ya injini nne ya shirika la Delta, ilikuwa mafunzoni usiku, wakaigiza kutua injini mbili za upande mmoja zikiwa "zimekufa". Wakaanguka kwenye makazi na moteli. Waliokuwa ndani 6 walikufa, na chini wakafa 13 waliokuwa hawana habari yoyote na mafunzo ya mtu. Wachunguzi walimtaja mkufunzi, usimamizi wake. Mimi nilianza kufundisha nikiwa na hasira na ripoti ile, nikiwaza alikuwa anasubiri nini asishike. Baada ya miaka nikaelewa. Alikuwa anasubiri mwanafunzi arekebishe mwenyewe, kama wewe Jumanne, kama mimi mara nyingi tu.

Kwa hiyo swali lako la pili ndilo zito. Ukisema "nitashika ikionekana mbaya" umeshachelewa, kwa sababu ikionekana mbaya una sekunde mbili na moja umeimaliza kwa kushangaa. Mpaka unauandika ardhini kwa namba. Mimi kwangu: pua ikitoka kwenye mwelekeo zaidi ya digrii 20, imekwisha, nashika. Spidi ikigusa mstari wa bluu kwenye geji (spidi bora ya kupanda kwa injini moja) na inaendelea kushuka, imekwisha. Pedali isiyo sahihi, imekwisha papo hapo, sisubiri aone matokeo, matokeo tutayaongelea darasani. Na mwanafunzi anazijua namba hizo kabla hatujawasha injini, ili nikishika asidhani nimemchukia.

Kitu kingine kwenye mazoezi ya kuonesha ndege inavyoshindwa kushikika kwa spidi ndogo na injini moja. Kadiri mnavyopanda, injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) inapungua nguvu, kwa hiyo ile spidi ya chini ya kuimudu ndege nayo inashuka, ila spidi ya stoli kwenye geji inabaki pale pale. Kuna urefu zinakutana. Hapo ndege inaingia stoli huku injini moja inasukuma na nyingine hapana, na hiyo ni njia ya moja kwa moja ya kuingia spini, yaani kuanguka huku inazunguka, kwenye ndege ambayo wala haikulazimika kuthibitishwa kwamba inatoka kwenye spini. Dawa ya zamani na nzuri: mkufunzi anaweka mguu wake kuzuia pedali isifike mwisho, mwanafunzi anaona pua inaanza kumponyoka mapema, spidi bado iko juu, anarudisha nguvu na kushusha pua, somo limeeleweka na hakuna aliyekaribia kaburi.

Saa45

Samahani wakuu mimi ni mwanafunzi tu, nina masaa 45, ila naomba niseme kitu upande wa kiti cha kushoto maana nimesoma hiyo "alidhani bado ni mtihani" nikajiona mimi.

Nyie mkikaa pale hatujui lini ni mwalimu na lini ni mtahini. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa na tabia ya kugusa vitu kimya kimya, unajikuta usukani unasogea kidogo hujui ni upepo au ni yeye. Siku moja tunatua upepo wa ubavu, mi nikahisi anashika, nikalegeza, kumbe alikuwa ameweka mkono tu karibu. Kwa sekunde kama mbili tatu ndege ilikuwa haina mtu. Haina mtu kabisa! Tuligonga lami kwa nguvu tukaruka tena, ndo yeye akaongeza nguvu tukaondoka. Kwenye maongezi baada ya safari aliniambia "ulilegeza mapema". Sikuwa na ujasiri wa kumwambia mwalimu mbona hukusema kama umeshika.

Nauliza tu, kwani hakuna neno moja ambalo likisemwa ni mwisho, si mchezo tena? Maana mkisema "yangu" kwa sauti ile ile ya "ongeza pedali" na "angalia spidi" kichwa kikiwa kimejaa hakichambui.

Rubani_wa_Mizigo

Mi nitatofautiana kidogo na Kaptena kwa heshima zote. Injini haichagui kufa futi 3,000. Inakufa ukiwa ndo umepandisha magurudumu, nguvu zote zimesukumwa, spidi ndogo, ndo pale pale alipofanyia MbawaMbili. Ukimfundisha kijana kule juu tu, ambako leva inavutwa baada ya maongezi ya dakika tano na anajua kabisa inakuja, umemfundisha tendo lakini hujamfundisha mshtuko. Nimeruka na watu wana karatasi safi kabisa na kitu kidogo kikilia wanaganda. Sasa mshtuko huo wa kwanza unataka wakutane nao wapi, wakiwa peke yao na abiria nyuma?

Simwambii mtu avute injini futi 500 na mtoto wa watu. Nachosema tusije tukaridhika kwamba tumekuwa salama kumbe tumehamisha hatari tu, tumeitoa kwenye somo tumeipeleka kwenye kazi.

Kaptena_Mzee

Rubani_wa_Mizigo hoja yako ni ya kweli na siipuuzi. Ila ndiyo sababu ya simuleta. Mshtuko anaupata wote mle ndani, futi 50, usiku, mvua, akianguka taa zinawashwa anakunywa maji tunaanza tena. Kwa shule ambayo haina simuleta nzuri ya injini mbili kuna njia ya kati: injini inakufa mbio za kupaa zikiwa bado ziko chini, spidi ndogo, njia bado ndefu, anafunga leva zote mbili na kusimama. Hapo anajifunza kushtuka na uamuzi. Halafu kule juu unaweka "ardhi" ya kubuni, tunasema futi 3,500 ndio uwanja, tunapaa toka hapo na magurudumu na flapu kama kawaida, injini inakufa futi 3,900 bila taarifa. Akikosea ameanguka kwenye ardhi ya kubuni, na mwili wake unashtuka hivyo hivyo.

Marekani walishawahi kufanya hesabu hii kwenye spini. Mpaka 1949 kila aliyetaka leseni ya rubani binafsi ilibidi afanye spini, wakaondoa ulazima huo, wakahamishia nguvu kwenye kutambua stoli na kuikwepa. Spini ikabaki kwa wanaotaka kufundisha. Zoezi lenyewe likiwa linaweza kudhuru kama tatizo linalofundishwa, lazima ujiulize unalifanya wapi.

FundiWaNdege

Mimi ni fundi sio rubani ila nimekaa kiti cha nyuma kwenye safari za kukaguliwa ndege baada ya matengenezo mara nyingi kuliko ninavyopenda, na naona mnaongea ya mafunzo tu. Huku kwetu kuna ugonjwa ule ule. Ndege imetoka hanga, kila mtu ana haraka, inapewa rubani wa kawaida wa safari za kila siku, mzuri sana kwa abiria lakini hajawahi kufundishwa kupima ndege, anapewa karatasi ya vipimo dakika za mwisho, anaipitia huku anatembea kwenda kwenye ndege.

Perpignan, Ufaransa, tarehe 27 Novemba 2008, Airbus A320. Ilikuwa safari ya kuikabidhi ndege, imekodishwa muda umeisha inarudi kwa mwenyewe. Siku tatu kabla ndege ilioshwa vumbi kwa maji ya mpira bila vihisi vya pembe ya upepo (vinavyoiambia kompyuta kama ndege inakaribia stoli) kufunikwa kama kitabu kinavyotaka. Maji yakaingia ndani, ndege ilipopanda juu kwenye baridi yakaganda, vihisi viwili kati ya vitatu vikakwama mahali pamoja. Vikawa vinakubaliana kwa uongo na kompyuta ikaviamini viwili ikamtupa yule mmoja aliyekuwa anasema kweli. Nikifikiria hapo kama fundi nasikia baridi, maana aliyeshika ule mpira hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaosha ndege.

Sasa kilichoua. Walitaka kufanya vipimo juu, muongozaji ndege akawakatalia kwa sababu anga ile ina ndege nyingi na safari yao ilikuwa imeandikishwa kama ya kawaida. Wangeweza kusema basi, tutarudi siku nyingine. Badala yake wakawa wanavichomeka vipimo katikati ya safari kimoja kimoja, na kile cha spidi ndogo, cha kuangalia kama kompyuta itaizuia ndege isiingie stoli, wakakifanya wakiwa wanakuja kutua, karibu na futi 3,000. Kinga haikuwaka kwa sababu vihisi vimeganda. Wote 7 walifia baharini. Wangekuwa juu wangekuwa na nafasi.

Na mwaka uliofuata, Januari 2009, Boeing 737 Uingereza, kipimo cha kuzima haidroli (nguvu ya mafuta inayosaidia usukani) kuona kama usukani unabalansi kwa mkono. Kibao kidogo cha kurekebishia kwenye mkia kilikuwa kimerekebishwa upande usio sahihi kwa sababu ujumbe kati ya rubani wa safari iliyopita na mafundi ulipotoka. Walipozima haidroli pua ikaenda chini, wakapoteza kama futi 9,000 kabla hawajaipata. Hawa walipona, na kilichowaokoa ni kwamba walianzia juu.

Kwa hiyo mimi kabla ya safari kama hizo naomba kitu kimoja: tukae mezani, rubani na fundi aliyeshika ndege, kipimo kwa kipimo, tuulizane hiki kikienda vibaya tunafanyaje, na kikikosa nafasi tunakiacha. Neno "tunakiacha" liandikwe. Na asiyehitajika asipande, maana watu wanapenda kupanda ndege tupu kwa sababu tu ina viti.

Mtahini_Mama

Nimechelewa kuona hii. Saa45 mwanangu, swali lako ndilo ningependa kila mkufunzi hapa alibandike ukutani.

Kukabidhiana usukani ni hatua tatu: anayetoa anasema, anayepokea anasema, anayetoa anarudia kuthibitisha, halafu ndo anaachia na kuangalia kwa macho kama kweli mwenzie ameshika. Mkufunzi anayeteleza mkono kimya kimya anafanya kosa, hata awe na masaa mangapi. Na kuhusu neno la mwisho, ndiyo lipo, mnalichagua wenyewe ardhini. Mimi nawaambia watahiniwa wangu hivi: nikisema "sitisha" kila kitu cha kuigiza kimekufa hapo hapo, leva zote zinarudi, tunaruka ndege ya kawaida. Nikisema "kweli" maana yake kilichotokea sikukiigiza mimi, ni tatizo halisi. Na wewe mtahiniwa una haki ya kuyasema maneno hayo hayo mawili na hutopoteza alama hata moja. Nawaambia wayarudie kwa sauti kabla ya kuwasha injini maana mtu akisema kwa kinywa chake inakaa.

Msidhani hii ni ya wanafunzi wadogo. Amsterdam, tarehe 25 Februari 2009, Boeing 737-800 ya shirika la Turkish, rubani msaidizi alikuwa kwenye mafunzo ya njiani na kaptena ndiye mkufunzi wake, na nyuma yao rubani wa tatu wa usalama. Kipima urefu cha rada upande wa kushoto kilisoma futi -8 wakiwa bado angani, mfumo wa nguvu za injini ukaamini ndege inagusa ardhi ukarudisha leva nyuma. Watatu wale hawakuona spidi inavyoisha, kwa sababu kaptena alikuwa anafundisha na anasoma cheklisti iliyochelewa. Usukani ulipotikisika kuonya stoli, msaidizi akasukuma leva mbele. Kaptena akatangaza kuchukua usukani. Msaidizi akaachia kama alivyofundishwa, na kwa kuwa mfumo ulikuwa haujazimwa leva zikarudi tena nyuma. Sekunde kama 9 zikapotea hapo. Watu 9 walikufa, marubani wote watatu wamo. Nikifundisha wakufunzi wapya naisimamisha hapo hapo: ukichukua ndege, chukua yote, usukani, leva, na ujue mfumo gani bado unaendesha.

Nyingine ni San Francisco, tarehe 6 Julai 2013, safari ya abiria Asiana 214, Boeing 777. Kiti cha kushoto kaptena anayehamia aina mpya, ana masaa machache tu kwenye 777. Kiti cha kulia mkufunzi ambaye ilikuwa safari yake ya kwanza kama mkufunzi. Spidi waliyolenga ni noti 137, ikafika kama 103 kabla mtu hajaamua kughairi kutua. Watu 3 walikufa. Baadaye yule mwanafunzi aliwaeleza wachunguzi kwamba kuamua kughairi mbele ya mkufunzi kulikuwa kugumu kwake. Mtu mzima, kaptena wa miaka. MbawaMbili, ukijiuliza kwa nini kijana wako hakuachia, anza hapo. Woga wa kukuangusha wewe ulikuwa mkubwa kuliko woga wa ardhi.

Sasa upande wetu wa watahini. Kwanza mkubaliane nani rubani mkuu wa safari hiyo, msiliache hewani. Sheria zinatofautiana, Marekani kwa kawaida mtahini si rubani mkuu, kwingine ndiye. Ikiwa kila mmoja anadhani mwenzie ndiye mwenye maamuzi basi hakuna mwenye maamuzi. Pili, mtahini asiongeze hali juu ya hali. Nimewaona wanaovuta injini, wakazima geji, wakaanza kuuliza maswali ya sheria, muongozaji anaita kwenye redio, na pembeni kuna mawingu yanakuja ambayo hakuna anayeyaangalia. Vichwa vyote viwili viko ndani na nje hakuna mlinzi. Moja kwa wakati mmoja, na mtahini ndiye jicho la nje. Tatu, tukiwa na shaka na hali ya hewa tunaahirisha, na mimi ndiye nasema kwanza, kwa sababu mtahiniwa aliyesubiri mwezi mzima hatasema. Amelala vibaya, hajala, ana mafua kanywa dawa, atakuja tu. Nawauliza moja moja: umelalaje, umekula, unatumia dawa gani, nyumbani kuko salama? Mara mbili nimemrudisha mtu kwa jibu la hilo swali la mwisho.

Kuhusu chekiraidi ya kijana wako, mwambie mtahini ukweli wote. Ningekuwa mimi ningeisogeza mbele na ningekushukuru.

MbawaMbili

Wakuu nimerudi. Asanteni sana, nimezisoma zote zaidi ya mara moja, nimeziprinti.

Nilimwita kijana tukakaa bila ndege. Nikamwambia Jumanne kosa lilikuwa langu, nimevuta chini mno, sikukupa mipaka, sikukupa neno. Akanyamaza muda, halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua, kwamba toka ndege ya injini moja amezoea kukanyaga kulia wakati wa kupaa kwa sababu ya propela kuvuta kushoto, na akishtuka mguu wa kulia unaenda wenyewe. Kule juu alikuwa anapata muda wa kuwaza. Mimi nimefundisha hiyo kulia, kulia, kulia miezi sita na sikuwahi kuliona.

Tumeahirisha chekiraidi, mtahini amekubali bila kinyongo. Tumeandika karatasi moja: urefu wa chini, digrii 20, spidi, msukumo sifuri namba ngapi, "sitisha" na "kweli". Chini ya futi 3,000 sivuti injini angani, mbio za kupaa tu nikiwa na njia ya kusimama. Tukafanya ardhi ya kubuni ya Kaptena. Mara ya kwanza mguu wa kulia ukaenda tena, nikashika papo hapo, akaachia papo hapo. Ya pili ukaenda nusu ukarudi. Ya nne, ya tano, kushoto safi.

Jana tuko futi 4,200, nimevuta ya kushoto, yuko katikati ya kutambua, ghafla akasema "sitisha". Nikarudisha leva nikidhani amechanganyikiwa. Akanyoosha kidole mbele kulia, chini kidogo yetu, kuna ndege nyingine ya shule inapanda inakuja upande wetu. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye pedali zake. Tukageuka kushoto, ikapita.